Usukani Ulipokuwa Mzito

Kurasa kama hizi huzungumza sana juu ya malezi, ndoa na afya, na ni vema. Habari za magari huachiwa kurasa za wanaume. Lakini siku hizi katika nyumba nyingi za Moshi gari ndilo linalopeleka watoto shule, ndilo linaloshusha ndizi sokoni, ndilo linalomfikisha bibi hospitali, na anayekaa ndani yake pamoja na hao wote ni mama. Kwa hiyo tumeona tuwaletee habari ya gari letu na ya ugonjwa wake wa umeme na usukani, ugonjwa ambao nusura utuvunjie amani ya nyumba kabla haujatuvunja viungo. Tunaandika wawili, mume na mke, ila kalamu ameishika mama.

Tulilinunua mwaka 2021 kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Lilikuwa na umri wa miaka minne, limetoka Japani, refu la kimo, la kuvuta magurudumu yote manne, au foo-wili kama tunavyozoea kusema. Kampuni iliyoliunda hatutaitaja. Magari mengine ya aina hiyo hiyo yanapandisha watu Rombo na kuwashusha kila siku bila lawama, na kama mtakavyoona mbele, kosa halikutoka kiwandani. Fedha ilikuwa akiba yetu ya miaka sita na mkopo wa SACCOS.

Tulitaka gari la namna hiyo kwa sababu ya bibi. Mama mzaa baba wa watoto wetu anakaa juu ya Mwika, katika kihamba alichoolewa, na hataki kusikia habari ya kuhamia mjini. Ana kisukari. Mwaka ule alipata kidonda mguuni, na wenye kuuguza watu wa kisukari wanajua maana yake. Ganzi humfanya mgonjwa asisikie maumivu, damu haifiki vizuri, na kidonda kisipohudumiwa kwa wakati huweza kuishia katika kukatwa mguu. Daktari alitaka amwone mjini kila baada ya wiki mbili, bila kukosa.

Safari yenyewe wenyeji mnaijua. Kutoka Moshi unakwenda hadi Himo, unaingia kushoto, unapanda mfululizo mpaka Marangu Mtoni, kisha unashika njia ya Mwika. Mpaka hapo ni lami. Kutoka kwenye lami kwenda kwa bibi ni udongo mwekundu, kona juu ya kona, mfongo wa maji upande mmoja na bonde la migomba upande wa pili. Masika ikiingia, Noah za abiria huishia barabara kubwa, na mgonjwa hubebwa mgongoni au juu ya pikipiki.

Aprili 2022 ndipo mambo yalipoanza. Tulikuwa tunakata kona ya kuingia kwa bibi, mvua inanyesha, taa zimewashwa, vifuta kioo vinakwenda mbio. Redio ikanyamaza. Taa za mbele zikafifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya manjano yenye picha ya usukani, na papo hapo usukani ukawa mzito, mzito kiasi cha kumfanya baba ajiinue kwenye kiti ili auvute. Tukasimama. Akazima injini, akawasha tena. Taa ikatoweka, usukani ukarudi kuwa mwepesi, redio ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ugonjwa unaojiponya wenyewe ni mgumu sana kumweleza fundi. Gereji ya kwanza waliliinua gari, wakatikisa magurudumu, wakasema ni tairodi na boljointi. Tukalipa shilingi 380,000. Siku tisa baadaye taa ikawaka tena. Gereji ya pili walipima betri, wakasema ni nzima, na bado wakatushauri tununue nyingine "kwa usalama". Tukanunua. Gari likakaa wiki mbili bila neno, tukafurahi, mvua ikarudi, na taa ikarudi pamoja na mvua. Gereji ya tatu hawakuwa na shaka hata kidogo: boksi zima la usukani limekwisha, la kubadilisha ni shilingi milioni mbili na laki saba, nalo limetumika, na likifika halirudishwi. Gari la miaka mitano! Hapo ndipo maneno yalipoanza nyumbani. Mmoja wetu alitaka zikopwe hizo milioni mbili, jambo liishe. Mwingine aliuliza kama tairodi haikuwa ugonjwa, na betri haikuwa ugonjwa, ni nani ameona kwa macho kwamba boksi ndilo. Hatutasema ni nani aliyesema lipi. Ilitosha kwamba kwa siku kadhaa chakula cha jioni kililiwa kimya, na watoto wakawa wanatutazama kwa zamu.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa Mei. Mama ndiye aliyeendesha, bibi amekaa mbele na mguu wake umefungwa bandeji, watoto wawili nyuma. Wanashuka. Mbele ya kona inakuja fuso iliyojaa ndizi. Mama anakata kushoto kuipisha na usukani unagoma. Alikanyaga breki na kuuzungusha usukani kwa mabega na kiuno, kwa nguvu za mtu anayegeuza sufuria la machalari ya harusi, na gurudumu la mbele likasimama pembeni kabisa mwa mfongo. Fuso ikapita. Hakuna aliyeumia. Watoto walilia. Bibi, ambaye amefuga ng'ombe maisha yake yote, alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Hata ng'ombe akigoma ana sababu. Itafuteni."

Kuanzia siku hiyo gari halikumbeba mtu mpaka sababu ijulikane. Bibi alishushwa na kupandishwa kwa gari la kukodi, na fedha ya kukodi ilitoka kwenye ada ya muhula uliofuata. Siyo jambo dogo kuwa na gari uani huku unakodi la mwingine.

Hebu tueleze kidogo usukani wenyewe unavyofanya kazi, maana sisi tulijifunza kwa taabu. Wazee wetu walioendesha Land Rover za zamani, gari lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1948, walikuwa wanazungusha usukani kwa mikono yao tu. Ndiyo maana dereva wa zamani ulimtambua kwa mabega. Baadaye yakaja magari ambayo injini husukuma mafuta maalumu kwa pampu, na mafuta hayo humsaidia dereva kugeuza magurudumu. Hayo bado yapo mengi, na ugonjwa wake mara nyingi huonekana: mafuta yanavuja, mkanda unalegea, pampu inalia. Lakini magari mengi ya miaka ya karibuni hayana mafuta hayo tena. Yana mota ndogo ya umeme iliyofungwa kwenye usukani, na kompyuta inayoiamuru.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kiini cha habari. Mota hiyo inakula umeme mwingi, hasa gari linapokwenda polepole na kukata kona kali, ndiyo hali ya barabara zetu za mlimani toka asubuhi hadi jioni. Gari likiwa limezimwa, betri nzima huwa na volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka, alteneta huipandisha hadi kati ya 13.5 na 14.5. Umeme unaofika kwenye mota ukishuka mno, kompyuta huondoa msaada ili kulinda mfumo, huwasha ile taa ya manjano, na kumwachia dereva mikono yake mitupu. Usukani haujakatika. Bado umeungana na magurudumu, ila uzito wote ni wako, na kwa sababu gari limeundwa kwa kutegemea msaada, uzito huo ni mkubwa kuliko wa Land Rover ya babu. Kwa maneno mengine, usukani unaweza kuwa mzito huku hakuna kitu chochote kibovu kwenye usukani.

Sisi wakati huo hatukuambiwa hivyo na mtu. Tulichokuwa nacho ni daftari. Mama wa nyumba hii ana tabia ya kuandika: sukari ya bibi asubuhi na jioni, madeni ya duka, siku ambayo kuku wamechanjwa. Baada ya ile betri mpya alianza kuandika na gari. Tarehe, mahali, mvua au jua, mwendo, nini kilikuwa kimewashwa. Mara ya kwanza baba alicheka. Baada ya mara saba tulikaa mezani tukasoma pamoja, na hapo hakuna aliyecheka. Mara zote saba taa za mbele zilikuwa zimewashwa. Mara sita vifuta kioo vilikuwa vinafanya kazi. Mara zote gari lilikuwa linakwenda polepole kwenye kona. Kwenye lami ya Himo, mchana wa jua, haikutokea hata mara moja. Na kila lilipofika gereji lilikuwa limesimama kivulini, taa zimezimwa, mvua imekatika. Litaonyeshaje ugonjwa?

Kabla hatujapata fundi alitokea mnunuzi. Mfanyabiashara kutoka upande wa Himo alisikia kwamba gari limesimama akadhani tumeishiwa fedha, naye alikuwa na haja nalo. Akaja na fedha taslimu, bei ambayo ingelipa mkopo wote wa SACCOS na kubakiza kidogo. Akalizunguka, akaliwasha, akaenda nalo mpaka barabara kubwa na kurudi. Jua lilikuwa linawaka. Gari lilikwenda kama siku lilipotoka melini. Aliporudi alituuliza swali moja tu, "Lina tatizo lolote?"

Wapendwa, tulikuwa tumeshaanza kuvutana chumbani kabla hajafika. Mmoja wetu alisema kila auzaye gari lililotumika ananyamaza, na sisi wenyewe tulinyamaziwa. Huo ni ukweli. Mwingine alijibu kwamba mtu huyu ana mke, na mke huyo atapanda nalo mlimani na watoto siku ya mvua, na hana habari kwamba inampasa kusimama na kuuvuta kwa mabega. Swali lilipoulizwa uani, baba ndiye aliyejibu. Alimweleza yote, akamwonyesha na daftari. Yule bwana alilisoma amesimama, akaturudishia funguo, akashukuru, akaondoka. Usiku ule tuliongea mpaka saa saba. Hatukuwa na gari la kuendesha wala fedha mkononi, lakini kimya cha mezani kiliisha kuanzia siku hiyo.

Fundi tuliyempata hatimaye hakuwa fundi wa usukani. Alikuwa kijana wa umeme wa magari, amesomea ufundi huo VETA, ana kibanda chenye meza moja na kipimo cha volti kilichofungwa kwa utepe mweusi. Alitusalimia shikamoo, akalichukua daftari akalisoma lote kabla ya kufungua boneti. Mafundi watatu waliotangulia hakuna aliyetaka kulisoma. Kisha akafanya jambo ambalo hatujaliona kwingine: aliwasha injini, akawasha taa zote, vifuta kioo, feni ya ndani kwa nguvu zote, halafu akamwambia baba azungushe usukani kushoto na kulia gari likiwa limesimama. Haikufika dakika mbili. Taa zikafifia, ya manjano ikawaka.

"Mama, njoo uone," akasema. Alikuwa ameweka ncha moja ya kipimo kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye bodi ya gari. Akaeleza kwamba kati ya sehemu hizo mbili kipimo kinatakiwa kusoma karibu na sifuri, maana zimeunganishwa kwa waya mnene, waya wa athi, ambao ndio njia ya umeme kurudi betri. Kilikuwa kinasoma karibu volti mbili. Umeme ulikuwa unatoka vizuri, ila njia ya kurudi ilikuwa imebanwa, kama mfongo ulioingia majani. Maji kidogo hupita, lakini siku kila mtu anapofungulia shamba lake, wa mwisho hakosi kulalamika. Wa mwisho wetu alikuwa usukani, kwa kuwa ndio wenye kiu kubwa kuliko wote.

Akafungua bolti ya waya huo. Chini yake palikuwa na rangi. Mtu, mahali fulani kabla gari halijatufikia, alipaka rangi sehemu ya mbele ya bodi ili ing'ae kwa mnunuzi, akarudisha waya juu ya rangi badala ya juu ya chuma kitupu, akakaza, akaondoka. Rangi haipitishi umeme. Ule mguso mdogo uliobaki pembeni mwa bolti ulitosha kiangazi cha kwanza, kisha matope na mvua za Kilimanjaro vikaleta kutu, na kutu ikamaliza kazi. Kijana alikwangua rangi mpaka chuma kikameta, akasafisha vichwa vya betri, akaweka waya mpya, akapaka grisi kuzuia maji. Kipimo kikashuka karibu na sifuri. Alitudai shilingi 25,000, na ilibidi tumlazimishe kupokea zaidi.

Boksi la usukani la milioni mbili na laki saba lilikuwa zima, na hadi leo ni lile lile.

Ili msidhani kwamba ni mambo ya magari yaliyotumika na ya barabara zetu tu, chukueni habari ya Marekani. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors iliita magari milioni 2.6 yarudishwe kwa sababu ya swichi ya ufunguo. Swichi ilikuwa legevu mno. Goti likiigusa, au rundo la funguo likiivuta, iliweza kuteleza gari likiwa katika mwendo: injini inazimika, msaada wa usukani unaondoka, na mifuko ya hewa inayolinda watu wakati wa ajali haifunguki. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Na jambo hilo halikufichuliwa na kampuni yenyewe. Wazazi wa binti mmoja muuguzi wa jimbo la Georgia, aliyefariki ajalini mwaka 2010, hawakukubali kwamba binti yao alishindwa tu kuendesha. Siku chache kabla ya ajali gari lilikuwa limemzimikia barabarani, akalipeleka kwa mafundi na kuwaambia. Wazazi wakaenda mahakamani, na mhandisi waliyemtafuta akalinganisha swichi ya gari lake na swichi mpya ya dukani, akaona kwamba kampuni ilikuwa imeibadilisha kimyakimya bila kubadilisha hata namba yake. Aprili 2014 mkuu wa kampuni hiyo, Mary Barra, ambaye naye ni mama wa watoto wawili, aliitwa mbele ya Bunge lao, na familia za waliokufa walikuwepo na picha za watoto wao.

Tulisoma habari hiyo wakati tunatafakari kama tumwandikie muuzaji wetu au tuache. Ndugu wengi walisema tuache, gari limepona, mnatafuta nini. Tuliandika. Barua ilikuwa ya kurasa mbili, yenye nakala ya daftari, picha za ile rangi chini ya bolti na stakabadhi za gereji zote. Tulitaja pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mnunuzi na inampa haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, na kwamba Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Mwezi wa kwanza hatukujibiwa. Tukaandika ya pili, fupi zaidi. Baada ya wiki tatu walipiga simu, wakasema hawakubali kosa lolote ila "kwa ubinadamu" watarudisha gharama ya tairodi na betri. Tulipokea. Ile fedha ya kukodi magari hawakuigusa, na ada ya muhula ule tuliilipa kwa mafungu mawili.

Kidonda cha bibi kilichukua miezi mitano kufunga. Mguu anao, na bado hupalilia kahawa nao, ingawa amekatazwa. Gari limepanda Mwika masika kadhaa tangu hapo. Fundi wetu alituachia maagizo mawili tunayoyafuata. Kila mvua zinapokaribia tunampelekea apime kati ya betri na bodi vitu vyote vikiwa vimewashwa, kazi ya dakika kumi. Na tunapolipeleka kuoshwa, mmoja wetu husimama pale pale kuwazuia vijana wasielekeze lile bomba la maji ya nguvu kwenye betri. Kwa kawaida ni mama. Vijana wamemzoea, wakimwona tu wanafunga boneti.